Kochi la Felicitas Lililopinda

Felicitas alikuwa fundi cherehani wa Temeke mwenye wateja wa Kizungu, na enzi hizo huyo alikuwa mtu, si mchezo. Alikuwa akipeleka magauni kwa bibi mmoja kule Oyster Bay, na huko ndiko alikoyaona makochi yaliyopinda. Hayana pembe! Mgongo umezunguka, mikono imezunguka, hata meza ya chai imezunguka kama chapati. Akarudi nyumbani, akavitazama viti vyake vya mbao vilivyonyooka mgongo, akavichukia palepale.

"Gaspar," alimwambia mumewe, karani wa bandarini Kurasini, "nyumba ya kisasa haina kona. Watu wanakaa nusu duara, wanaonana, wanazungumza."

"Kwani sie hapa hatuonani?"

"Tunaonana, lakini kishamba."

Gaspar akacheka. Alishajua ameshindwa.

Kazi akapewa Kondo, seremala wa mtaa wa pili, Mzaramo mwenye maneno mengi kuliko misumari. "Bibie, Mungu kauotesha mti umenyooka, wewe wataka mie niupinde?" Lakini aliupinda. Aliziloweka mbao kwenye pipa, akazikaza kwa kamba mpaka zikatii. Kochi lilipokwisha, mlango ukalikataa. Ikabidi Kondo alifumue, aingize vipande, aliunge upya mle mle sebuleni. "Sasa hili halitoki," alisema akijifuta jasho. "Labda mvunje ukuta, na ukuta ni wa serikali."

Lilikuwa zuri, tusidanganyane. Mbele mahameli nyekundu, ndani sufi tele. Mgongoni palivalishwa gunia la kahawa, maana mgongo unaelekea ukutani, nani atauona? Majirani wakaja kutazama. Mwanaasha, shoga yake wa nyumba ya pili, alijitupa akazama mpaka magoti yakawa juu ya kidevu. "We Felicitas! Humu mtu anakaa au anaogelea?"

Felicitas alicheka nao, lakini moyoni alikuwa na jambo. Alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza iliharibika, na hii ya pili ilimtia hofu usiku na mchana. Alimtaka mama yake. Alitaka siku ile ikifika awe na mkono wa mama wa kuushika, basi. Akatuma ujumbe Tabora, na mama yake, Bi Rosalia, akapanda treni.

Hapo ndipo penye kisa. Kwao Unyamwezini, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Ni heshima, tena heshima kubwa. Felicitas aliyajua hayo tangu mdogo, ila kwa kuhangaika na mahameli yakamtoka kichwani kabisa. Mlango ukafunguliwa, Bi Rosalia akaingia na furushi lake kichwani, na katikati ya lile nusu duara, na tai yake shingoni, akiwa amekodoa macho moja kwa moja mlangoni, ameketi Gaspar!

"Yesu na Maria!" Bi Rosalia akajifunika uso kwa kanga. Gaspar akaruka, akatafuta pa kupita asipate, akatokea dirishani. Karani mzima!

"Mwanangu," mama alisema kutoka ndani ya kanga, "hiki ni kiti au mtego?"

"Mama, hapa ni mjini!"

"Kwani mjini hakuna wakwe?"

Tangu hapo ikawa tabu tupu. Kutoka uani kwenda chumbani kwake, Bi Rosalia lazima apite mbele ya kochi, na popote Gaspar alipokaa, uso wake ulikuwa palepale. Basi Gaspar akahamia barazani kwa Mwanaasha, akingoja kuitwa kula. Mama naye akashinda uani kwenye mafiga. Hatimaye akasema, kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi, "Jumamosi nitapanda treni nirudi. Siwezi kumfukuza mtu nyumbani kwake kila nikitaka kulala. Nitakuombea, mwanangu."

Felicitas aliingia sebuleni, akalitazama lile kochi, na hasira zikampanda. Akalishika mkono wake mmoja, akaanza kulivuta, tumbo lile mbele, machozi yanamtiririka.

"Feli! Mimba!" Gaspar alimwona kupitia dirishani, akaingia mbio.

"Mtoto! Utamuua mtoto!" Bi Rosalia alitoka uani mbio na mwiko mkononi.

Huyu akashika huku, yule kule, wakainua, wakageuza. Walipolitua ndipo walipotambua wanatazamana. Bi Rosalia akajitupa chini nyuma ya kochi, Gaspar akajibwaga mbele, kwenye mahameli. Kati yao kulikuwa na mgongo mrefu wa gunia, na hakuna aliyemwona mwenzake.

"Shikamoo, mama," Gaspar aliliambia dirisha.

"Marahaba, mwanangu," gunia likajibu. Kisha likauliza, "Hujambo na kazi?"

Felicitas akatandika mkeka nyuma ya kochi, na Jumamosi treni ikaondoka bila Bi Rosalia. Kochi likabaki vile vile, mahameli ikitazama dirisha, gunia likiwapokea wageni. "Umeligeuzaje hivi, shoga?" Mwanaasha aliuliza. "Uzuri wote umeupa mgongo!" Iliuma kidogo, asikudanganye mtu. Lakini jioni, akiwa jikoni, Felicitas aliwasikia wale wawili wakipiga soga za Tabora, kila mmoja upande wake, mama akicheka mpaka anakohoa, naye akafurahi.

Siku ikafika. Mkono wa mama ulikuwepo, na Felicitas aliubana mpaka ukafa ganzi. Mtoto alilia asubuhi kweupe, wa kike, mzima. Kutoka kitandani, mlango wa chumba ukiwa wazi, Felicitas alimwona mama yake akijitanda kanga hadi machoni, akitembea taratibu mpaka nyuma ya kochi. Upande wa pili kilionekana kisogo cha Gaspar, hakithubutu kugeuka.

"Nyoosha mikono juu, mkwe," Bi Rosalia alisema, akampitisha mtoto juu ya mgongo wa kochi. "Shingo. Mshike shingo."

Gaspar, macho dirishani, alipapasa mpaka akaipata shingo. Bi Rosalia hakuondoa mikono yake mpaka ya Gaspar ikamshika mtoto sawasawa.