Skonzi za Saa Nne

Mwalimu huyu alifundisha watu kuendesha gari, na wanafunzi walimbatiza jina la Klachi, kwa kuwa neno hilo lilimtoka mara nyingi kuliko pumzi. Kwa ufundi hakuwa na mpinzani. Adui alikuwa naye mmoja tu, na huyo alimbeba mwenyewe, juu kidogo ya mkanda wa suruali.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameshazitanua suruali zake mara mbili. Mara ya tatu alimrushia suruali mezani. "Baba watoto, kitambaa kimekwisha. Sasa tumpunguze mwenye suruali."

Klachi akaapa kupungua. Tangu siku hiyo kifungua kinywa chake kikawa chai ya rangi tupu, aliyoinywa kwa uso wa mtu anayefia dini huku akiusukuma mkate upande wa watoto. "Siku hizi asubuhi sisikii njaa kabisa," alisema, na tumbo likamkanusha hapohapo mbele ya familia.

Ikifika saa nne, mfungaji wetu hajui ndugu wala rafiki. Kwa bahati, kama alivyopenda kuiita, barabara ya mafunzo ilipita mbele ya duka la mikate. "Hapa pana nafasi nzuri ya zoezi la kuegesha," aliwaambia wanafunzi. "Washa taa ya kushoto. Taratibu. Klachi!" Gari likisimama tu, muuzaji yuko dirishani na skonzi mbili za moto ndani ya karatasi. Ya kwanza ilipotea kabla muuzaji hajageuka. Ya pili ilikwenda kumsindikiza mwenzake.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwemo mkunga mstaafu, mama wa miaka sitini na ushee, aliyechoka kuwabembeleza wanawe wampeleke huku na kule. Siku ya mtihani alikaa kwenye usukani, ofisa mtahini kando yake, fomu mapajani. Klachi alibaki shuleni kwake akisubiri sifa.

"Nyoosha moja kwa moja, mama," ofisa alisema.

Akanyoosha. Lakini walipofika kwenye duka la mikate, mikono ikafanya ilichozoea. Taa ya kushoto, klachi, breki, na gari likalala kando ya barabara kama limechorwa.

"Nani kakuambia usimame?"

"Mwalimu. Hapa ndipo tunaposomea."

Ofisa hajafunga mdomo, karatasi ya moto ikapita dirishani. "Mwalimu, mbona leo umekonda?" muuzaji aliuliza, kisha akamtazama vizuri, akanywea. Ofisa alizikataa skonzi kwa mdomo, akazipokea kwa mkono. Halafu akamfelisha mama wa watu huku akipangusa makombo kwenye fomu.

Mwanafunzi wa pili akaegesha palepale. Wa tatu naye hakukosea hata kwa unyayo. Ofisa alirudi ameshiba sana na amekasirika sana. "Hawa hujawafundisha udereva," alimwambia Klachi. "Umewafundisha njia ya tumbo lako."

Mkunga alimfuata Klachi ofisini, akafunga mlango. "Mwanangu, asubuhi umekula nini?"

"Chai, mama."

"Chai chakula? Unajinyima mbele ya mkeo ili usifiwe, halafu njaa inatugeuza sisi matarishi wako."

Klachi akaanza kulaumu harufu ya duka, uchovu, hata ukoo wa baba yake. Mama alimwacha amalize.

"Leo ukamwambie mkeo ukweli. Kesho ule asubuhi kama watu. Na hamu ikija, usiikimbilie. Hamu ni kama uchungu wa uzazi. Huja, hupanda, ukaona dunia imekwisha, kisha hushuka. Nimeyaona hayo miaka thelathini."

"Na isiposhuka?"

"Utazaa. Ila si kwenye gari ninalojifunzia."

Jioni Klachi alikiri kwa mkewe kwa sauti ya msibani. Mke hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Mifuko yako imejaa makombo. Hizo nguo ulidhani zinajifua?" Kumbe muda wote alikuwa anamdanganya mtu mmoja tu, yeye mwenyewe.

Kesho yake alikula mayai na mkate bila kuona haya. Hata hivyo saa nne, mkunga akiwa kwenye usukani, walipokaribia dukani jasho lilimtoka, akashika kitasa cha mlango. "Klachi!" alipiga kelele bila sababu.

"Kaa kimya, hamu inapanda," mkunga alisema, akapita. Akalizunguka duara la njia panda mara nne, hadi kitasa kikaachiliwa. "Umeona? Imeshuka."

Siyo kila siku hamu ilishuka. Ijumaa moja alikamatwa nyuma ya shule na pakiti nzima ya biskuti, akidai anazihesabu. Lakini mama alifaulu mtihani wa marudio, na suruali hazikutanuliwa tena.

Mwezi uliofuata Klachi aliingia dukani kwa miguu, akaomba skonzi moja na sahani. Akakaa. Akaitafuna polepole kwa mara ya kwanza tangu alijue duka hilo. Ilikuwa kavu kama chaki, na magadi yakamkaa ulimini.

"Mmebadilisha mpishi?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu," muuzaji akajibu. "Ni yuleyule tangu tufungue."