Mjumbe wa Kinyozi

Treni ya kuvuka milima kwenda Matsue, Japani, huyumba kila inapokata kona. Wenyeji wanaijua tabia yake. Hufumba macho wakatulia mpaka iteremke upande wa pili. Lieselot hakuijua. Alikaa wima akisoma kitabu cha sarufi, na kona zilipomzidi alikifunga, akamgeukia mama aliyeketi kando yake ili amwombe mfuko wa plastiki. Hapo akagundua kwamba kwa miaka miwili chuoni Ghent alikuwa amefundishwa kujadili kwa Kijapani uchafuzi wa mazingira na bei ya mchele, ila hakuna aliyemfundisha kuomba mfuko wa kutapikia. Alitumia ishara. Yule mama akampa mfuko, kisha akampa pipi, kisha akamsifu kwamba anazungumza Kijapani vizuri sana. Lieselot hakuwa amesema neno.

Lieselot Verhaeghe alikuwa msichana wa lugha nne. Kwao Ubelgiji hilo si ajabu, hata wauza samaki wana tatu, lakini yeye alitembea nazo kama nishani kifuani. Matsue alikuja kwa muhula mmoja kuongeza ya tano, katika programu ambayo wanafunzi hula kiapo siku ya kwanza: Kijapani tu, darasani, barabarani na mezani. Alipomaliza kuapa aliona kwamba lugha zake nne zimefungiwa nje, na ndani amebaki mtu mzima mwenye urefu wa mlango na msamiati wa mtoto wa chekechea.

Nyumba aliyopangiwa ilikuwa ya Mama Fumie Nagami, mjane wa miaka sabini na ushei, karibu na mfereji wa ngome. Mama Fumie alimpokea mlangoni, akamkagua kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, “Utagonga kichwa.”

“Ndiyo,” Lieselot akaitikia kwa furaha, akaingia, akagonga kichwa.

Aliyemponza zaidi ni Mwalimu Itohara, ingawa nia yake ilikuwa njema. Wiki ya kwanza alisimama mbele ya darasa akawatazama wanafunzi wake, Wazungu kwa Wakorea, akatikisa kichwa. “Mnasikiliza kama mmekufa,” alisema. “Huku kwetu anayesikiliza kimya ni kiziwi, au amekasirika. Mazungumzo ni watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mwenzako akiinua mchi, wewe shusha wako.” Akawafundisha kuitikia. Enhe. Kumbe. Ni kweli kabisa. Jamani. Bila shaka.

Sarufi ilimshinda Lieselot, lakini kuitikia kumbe alizaliwa nako. Alijua lini kumbe iwe fupi na lini ivutwe. Alifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, shingo imeinama kidogo, macho yamelainika, mpaka akawa anajisikia mwenye hekima. Hakuhitaji hata kuelewa. Sauti ya msemaji ikipanda, kumbe; ikishuka, jamani; ikinyamaza, enhe ya kumsukuma aendelee.

Mtu wa kwanza kufaidi kipaji hicho alikuwa Kadowaki-san wa nyumba ya pili, “san” ikiwa ndiyo heshima yao kwa bwana na kwa bibi. Alikuwa kinyozi mstaafu, aliyekata nywele za mtaa mzima mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, akafunga duka kabla hajamkata mtu sikio. Kila asubuhi, Mama Fumie alipokoroga chai yake ya unga wa kijani kama wafanyavyo watu wa Matsue, kinyozi alitokeza bustanini na kuketi ukingoni mwa baraza. Ndani hakuingia hata siku moja. Marehemu Nagami hayupo, na mtaa una macho.

“Keki ya leo ni ya jana,” alisema.

“Na wewe ni wa juzi, Bwana Kinyozi. Kula.”

Alikula. Kisha alimgeukia Lieselot na kuanza kuongea, na Lieselot akaanza kutwanga naye. Maneno yalimpita kama magari kwenye barabara kuu, akishika moja hapa, “mvua”, jingine pale, “mkwasi” au labda “mkwe”. Kinyozi alifurahi mno.

“Maisha yangu yote nimeongea na visogo,” alimwambia Mama Fumie. “Huyu ana uso. Ananielewa.”

“Rize-san anaelewa kila kitu,” akasema Mama Fumie, ambaye ulimi wake haukuweza kutamka Lieselot, na aliyekwisha tangaza habari hiyo kwa muuza dawa na kwa wenzake wa kliniki ya magoti.

“Hapana, bado sana,” alisema Lieselot, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Lakini huko mtu akisifiwa hukana, na anavyokana kwa uzito ndivyo anavyoonekana amelelewa vema. Wazee wale walitazamana kwa kuridhika. Kadiri alivyojitetea ndivyo sifa ilivyomganda, na haichukui muda mrefu mtu kuacha kujitetea.

Asubuhi moja ya Novemba Mama Fumie alikwenda kliniki. Kadowaki-san alikuja hivyo hivyo, hakugusa keki, akautazama msonobari wa bustanini, akaongea kwa sauti ya chini kuliko siku zote.

“Mwanangu wa Okayama anabomoa ukuta anitengenezee chumba,” alisema. “Anataka nihamie kabla ya mwaka mpya.”

“Kumbe,” alisema Lieselot.

“Siwezi kumwambia Nagami-san mwenyewe. Nikimwambia, itakuwa kama ninamwomba anizuie.”

“Ni kweli kabisa.”

“Na akinizuia nitabaki. Hapo ndipo penye tabu.”

“Jamani,” alisema Lieselot, kwa kuwa sauti ilikuwa imeshuka.

Kinyozi alimtazama kwa shukrani. Akaeleza kwamba jambo la namna hii hupitishwa kwa mtu wa tatu, ili anayeambiwa aweze kujibu au kunyamaza bila mtu kuaibika. Jamaa zake wangelieneza. Lakini binti huyu si wa huku wala wa kule, na anasikiliza kuliko watu wote aliowahi kuwajua. Amfikishie Nagami-san. Akitaka abaki, atasema. Akinyamaza, basi hilo nalo ni jibu, na yeye ataondoka.

“Utanifanyia hivyo?”

“Bila shaka,” alisema Lieselot.

Kadowaki-san aliweka mikono juu ya mbao za baraza akainama mpaka paji likagusa. Lieselot naye aliinama, chini zaidi. Aliporudi chumbani aliwaza kwamba kwa kuinama, sasa, hapana shaka amekomaa.

Siku zikapita. Kinyozi aliendelea kuja, lakini alikunywa chai bila kulaumu keki. Alimtazama Mama Fumie usoni, kisha akatazama kando. Mama Fumie alipoondoa vikombe alinung’unika, “Ana nini huyu?” na Lieselot, aliyedhani anaulizwa kama ameshiba, akasema ndiyo. Kisha kinyozi akaacha kuja. Mafua, alisema Mama Fumie, akampelekea machungwa, akayatundika kwenye kitasa cha mlango wake.

Desemba Lieselot alipita mbele ya lile duka la zamani akaona masanduku mlangoni. Kadowaki-san alikuwa akifunga kamba.

“Alisemaje?” aliuliza bila kuinua kichwa.

“Nani?”

“Nagami-san. Tangu ulipomwambia.” Alikaza fundo. “Najua. Hakusema kitu. Umefanya kazi yako, binti, nakushukuru. Jumamosi naondoka.”

Bahati mbaya ya Lieselot ni kwamba kufikia Desemba alikuwa ameanza kuelewa. Maneno yale yote yalimfikia, moja moja, na nyuma yake yakaja ya Novemba, yale aliyoweza kuyakumbuka: Okayama, ukuta, mwaka mpya. Kumbe moja yenye huzuni ilikuwa tayari mdomoni, nzuri, imeivishwa vizuri. Kama angeitoa, angebaki na heshima yake yote, na mzee angeondoka Jumamosi akiamini kwamba mama wa nyumba ya pili hakumjali.

“Sikuelewa,” alisema.

“Hukuelewa nini?”

“Siku ile. Sikuelewa hata kimoja. Sikumwambia.”

Kadowaki-san aliachia kamba. “Ulisema jamani.”

“Sauti yako ilikuwa imeshuka.”

“Palikuwa ndipo penyewe pa kusema jamani,” alisema kinyozi polepole. Aliketi juu ya sanduku. “Mwanangu mwenyewe hajawahi kuniitikia vizuri namna ile.”

Lieselot alitamani sakafu ipasuke. Aliuliza kama amwambie Mama Fumie sasa hivi, kwa maneno yake.

“Maneno yako yapi? Huna. Beba yangu.” Akayasema upya, mafupi mafupi, naye akayarudia kama mtoto anayetumwa dukani, akayarudia tena njiani, akayafikisha jikoni kwa Mama Fumie aliyekuwa akiosha kombe wa ziwani, wale wadogo weusi wa supu.

Mama Fumie alifunga maji.

“Amekwambia lini?”

“Novemba.”

“Na wewe hapo mezani, tangu Septemba, nikikusimulia habari za marehemu, umekuwa ukielewa?”

“Mvua,” alisema Lieselot. “Na magoti.”

Mama Fumie alipangusa mikono. Kisha akavua aproni, akavaa koti lake la kwenda mjini, ingawa safari yenyewe ilikuwa ya nyumba ya pili tu. “Twende. Mjumbe haachwi nyumbani.”

Dukani kila kitu kilikuwa kimefungwa isipokuwa kioo na kiti cha kunyolea. Hapakuwa na pengine pa kukaa, Mama Fumie akakaa hapo. Kadowaki-san, kwa mazoea tu, akaenda kusimama nyuma ya kiti. Wakabaki wanatazamana kiooni, Lieselot kando yao kama nguzo.

“Mwambie Bwana Kinyozi,” Mama Fumie alianza, “kwamba joto la Okayama haliwafai wazee.”

Lieselot alifungua mdomo.

“Mwambie nimesikia,” alisema kinyozi. “Kuna kipoza hewa.”

“Muulize kama ananidhani mimi ni mtu wa kunyamaza tu, mwezi mzima, mtu akiniambia jambo kama hilo.”

“Mwambie ndivyo nilivyodhani. Nilikosea.”

“Mwambie Novemba ningesema abaki.”

Lieselot hakulifikisha. Halikuwa na haja ya kubebwa, na yeye ndiye aliyelizuia njiani. Kiooni mzee aliinamisha kichwa.

“Sasa siwezi kusema,” Mama Fumie aliendelea. “Ukuta umebomolewa. Mjukuu wako naye atakuwa ameambiwa babu anakuja. Mtu hawezi kuwarudisha watu wote hao nyuma kwa sababu ya chai.”

Kadowaki-san aliweka mikono juu ya mgongo wa kiti. Kisha alisema, bila kupitia kwa mtu, “Nywele zako za kisogoni zimerefuka, Nagami-san.”

“Kata basi.”

“Mikono hii siku hizi inatetemeka.”

“Masikio ninayo mawili,” alisema Mama Fumie, akainamisha shingo.

Kinyozi alifungua kamba ya sanduku moja kutafuta mkasi. Lieselot alitoka nje akasimama kwenye baridi, na kwa kuwa hakuna aliyemwita, alikaa huko huko.

Jumamosi teksi ilikuja mvua ikinyunya. Mtoto wa Kadowaki-san alikuwa amekwisha tangulia na masanduku. Mzee alimkabidhi Mama Fumie ufunguo wa duka, akamwambia wapangaji watakuja Aprili, akaingia garini kwa shida ya viungo. Aliteremsha kioo.

“Binti. Nikikupigia simu, nikisema kitu usichokielewa?”

“Nitauliza.”

“Uliza hata mara kumi. Huko kwa mwanangu nitakuwa na nafasi.”

Gari likaondoka. Mama Fumie aliinama, shingo imenyolewa upande mmoja juu kidogo kuliko mwingine, na Lieselot akainama kando yake. Teksi ilikwenda taratibu kandokando ya mfereji, ikasimama kwenye taa nyekundu, na kwa desturi ya Wajapani anayeaga hawezi kuinuka wakati gari bado linaonekana. Taa ilikaa nyekundu. Maji ya mvua yakamwingia Lieselot kwenye kola. Kupitia chini ya nywele zake aliona taa ikigeuka, gari likakata kona, likapotea nyuma ya misonobari.