Mwenzangu wa Maziwa, Barabara ya Liboi

Maziwa yake wateja waliyajua kabla ya kuonja. Nilikuwa nikifungua kifuniko tu, mzee muuza viatu wa meza ya pili anasema, "Leo mama wa Liboi ameleta." Hakuwa wa Liboi. Alihamahama na ngamia kati ya Dadaab na mpaka, wakifuata mvua, lakini lori lililoleta mtungi wake lilikuwa la barabara ya Liboi, basi jina likawa hilo. Moshi wake ulikuwa wa peke yake. Kila mwanamke wa porini hufukiza chombo chake kwa mti anaoujua yeye, ili maziwa yasiharibike njiani, na ule moshi hubaki ndani. Wake ulikuwa mkali kidogo ulimini, halafu mtamu. Alichoma mti gani, sijui. Sikumuuliza. Mtu haulizwi siri ya mkono wake.

Nilimrithi. Mama mkwe wangu alipokea maziwa ya mama wa huyu mwenzangu, na mimi nilipochukua meza ya mama mkwe pale sokoni Garissa, yeye naye alikuwa amechukua ngamia wa mama yake. Hatukuchaguana, na labda ndiyo maana hatukugombana. Kiangazi kile kibaya cha mwanzoni mwa miaka ya tisini, mifugo inakufa na wakimbizi wa vita wanamiminika kutoka ng'ambo ya mpaka, mtungi wake ulikuja. Siku nyingine ulikuwa na kikombe cha maziwa chini, basi, lakini ulikuja. Mimi niliuosha, nikatia ndani sukari na majani ya chai niliyoyafunga kwa nailoni, na dawa ya mtoto kama ameagiza kwa mdomo wa dereva, nikaurudisha mtungi ule ule. Kuonana uso kwa uso, tulionana mara chache sana. Lakini nilijua mwanawe akiugua, na yeye alijua mume wangu alipofariki. Siku ile aliniletea siagi ya ngamia isiyoulizwa bei.

Kwenye mshikio wa mtungi alifunga kitambaa chekundu. Mwingine alifunga cha kijani, mwingine kamba ya mkonge. Hivyo ndivyo madereva na sisi wa mjini tulivyotambua chombo cha nani ni kipi, maana mitungi ya plastiki yote inafanana.

Na kulikuwa na desturi. Mama mkwe alinifundisha mapema, kabla hata hajaniachia meza. Ukitaka kuachana na mwenzako wa maziwa, hutumi maneno. Maneno yanapita midomo ya wanaume wengi barabarani, yatafika yakiwa matusi. Unamrudishia mtungi usio wake. Akiupokea anajua ameachwa, na anatafuta mtu mwingine, na mkikutana harusini mnasalimiana vizuri. Hakuna kesi, hakuna wazee kukaa. Niliona ni desturi ya heshima, na bado naona hivyo.

Sasa chama. Nitakisema vizuri kwanza, kwa sababu kilikuwa kizuri.

Tulikuwa wanawake wa sokoni tunaokutana alasiri ya Alhamisi nyuma ya hoteli ya mmoja wetu. Sisi wa maziwa, muuza vitambaa, fundi wa cherehani, muuza vitunguu aliyetoka Mwingi, na mwenye hoteli mwenyewe. Sheria yetu ilikuwa moja. Mteja akikuuliza kitu usichouza, humwonyeshi kwa kidole. Unaacha meza yako, unampeleka kwa miguu yako mpaka kwa mwenzako, unasema, "Huyu ni wangu, mtunze." Kabla ya hapo muuza vitunguu alikuwa amekaa soko lile miaka na hakuna mwanamke wa Kisomali aliyewahi kukaa kwenye gunia lake. Baada ya hapo tulijua watoto wake wanasoma wapi.

Na tulicheka. Siku moja mwenye hoteli alinikabili mbele ya wote.

"Wewe Mama Maziwa! Yule uliyeniletea jana amekula mguu wa mbuzi mzima, halafu akasema bili iko kwako!"

"Nilikuletea mteja," nikamwambia. "Nilikuambia nimekuletea mwenye pesa?"

"Basi Alhamisi ijayo leta na mchumba wako, nimalize shida zote pamoja."

Muuza vitambaa, ambaye tulimfanya mwenyekiti kwa sababu alikuwa na sauti kubwa, alisema mimi nikileta mchumba itabidi kwanza nijifunze kutabasamu. Sawa. Sikuwahi kujifunza.

Ndipo akaja binti wa ofisi ya maendeleo. Alitoka Kenya, kama tulivyokuwa tukisema, kana kwamba Garissa iko nchi nyingine. Binti mzuri, mwenye adabu, alifunika kichwa akija kwetu bila kuambiwa. Alikaa kwenye mkeka na kutusikiliza, halafu akasema, "Mama zangu, mkienda mmoja mmoja kwa mkuu wa shule, mnaomba. Mkienda pamoja, mnafanya biashara." Neno hilo lilituingia. Alitupeleka yeye mwenyewe kwa mkuu wa shule ya bweni, akatutaja mmoja mmoja na kazi ya kila mtu. Tulitoka pale shule imekubali kuchukua maziwa yetu ya chai ya asubuhi, vitunguu vya yule wa Mwingi, na sare kwa fundi. Miaka yote nilikuwa nimepita mbele ya geti lile na mtungi kichwani, na askari wa geti hajawahi kuniuliza unauza nini.

Lakini shule ilitaka maziwa ya chama, si ya fulani na fulani. Yachanganywe kwenye pipa moja. Na mitungi iwe safi, ya aina moja. Ofisi ya binti ikatupa mitungi mipya, myeupe, yenye mdomo mpana, imeandikwa rangi ya buluu. Kila mwanamke wa porini anayetuuzia angepata mmoja badala ya ule wake wa zamani, ambao kusema kweli ulikuwa mweusi kwa moshi na umekwaruzika hapa na pale.

Niliuliza, "Na vitambaa?"

"Vitambaa vinabeba uchafu, Mama."

"Kuna mtu anakunywa kitambaa?"

Wakacheka. Binti naye akacheka, lakini akasema, "Mkaguzi akija akaona matambara, mama yangu, atatufukuza sote."

"Na mtu akipokea mtungi usio wake?" Nilikuwa nimegeukia wenzangu, kwa Kisomali sasa. "Hamjui maana yake?"

Mwenyekiti akasema, "Abaayo, dada yangu, hiyo ni ya mtu kupewa mtungi wa mwenzake. Huu ni mpya, si wa mtu. Ni zawadi. Na tutatuma maneno kwa kila dereva."

Wote wakaitikia, na mimi nikaona ni kweli. Mtungi mpya si mtungi wa mtu mwingine. Nani atakasirikia kitu kipya? Ndivyo tunavyofikiri watu wa mjini. Tukipewa kipya tunafurahi.

Mtungi wake wa zamani niliuweka kando, nikauosha mweupe ule kwa sabuni. Halafu, kwa sababu moyo haukutulia, nikatia sukari nyingi kuliko kawaida, na majani ya chai, na kanga mpya juu yake, ili akifungua aone kwamba tuko vizuri. Nikampa dereva. Mzee yule alikuwa amebeba maziwa yetu tangu mama mkwe wangu yuko hai. Nikamwambia, "Mwambie ni kazi ya chama. Kila mtu amepata. Mwambie mimi ni yule yule."

"Nitasema," akajibu.

Mtungi haukurudi. Nilisema labda barabara. Miaka ile barabara ya Liboi ilikuwa siku inafunguka, siku haifunguki. Shifta, wale majambazi wa porini, wakipiga gari, magari yote yanangoja msafara wa polisi. Lakini mitungi ya wengine ilikuja, myeupe, mmoja baada ya mwingine, na chama kikapeleka pipa shuleni, na Alhamisi watu wakapongezana. Mzee muuza viatu akaniuliza, "Mama wa Liboi yuko wapi?" Nikamwambia amehama mbali. Ndivyo nilivyotaka iwe.

Halafu asubuhi moja nilikwenda stendi ya malori kumpokea dada yangu anayetoka Elwak. Lori lilichelewa, nikakaa kibandani nikaagiza chai. Niliinua kikombe, na kabla hakijafika mdomoni nikajua. Ule moshi. Mkali kwanza, halafu mtamu.

"Maziwa haya ya nani?"

Mwenye kibanda akanionyesha kwa kidevu mwanamke anayeuza karibu na msikiti. Hakuwa wa chama chetu. Mtungi mbele yake ulikuwa mwingine, mweusi, mkuukuu, na kwenye mshikio umefungwa kitambaa chekundu kipya.

Nilisimama mbele yake. Aliniona, akaweka kikombe cha kupimia chini.

"Abaayo, sikumwibia mtu," akasema, mimi sijafungua mdomo. "Maneno yalikuja kwamba kuna mwanamke ameachwa na wa mjini, anatafuta mkono wa kupokea maziwa yake. Nikamuuliza dereva, kweli ameachwa? Akasema mtungi aliupeleka mwenyewe kwa mikono yake."

Dereva nilimpata chini ya lori lake, akaongea akiwa kule kule chini. Ndiyo, alipeleka. Hakumkuta mwenyewe, ng'ombe na ngamia walikuwa mbali. Mtungi akauacha kwa wanaume waliokuwa kisimani, na maneno yangu yote akawaambia.

"Na wao walimwambia nini?"

"Eeddo, shangazi, mimi nabeba maziwa. Nitajuaje wanaume wanaongea nini kisimani?"

Baadaye nilikuja kujua. Walimwambia serikali inagawa mitungi Garissa.

Nilipanda lori hilo mwenyewe. Watoto wangu walisema mama amepagawa, barabara mbaya, mtu mzima anapanda juu ya magunia ya unga kwa ajili ya maziwa. Tulingoja msafara, tukapekuliwa, tukangoja tena. Tulipofika pale mitungi inapochukuliwa, dereva alinionyesha njia ya miguu, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiteka maji akanipeleka.

Alinipokea kama mtu anavyopaswa kupokelewa. Alitandika ngozi, akaniuliza habari za kila mtoto kwa jina, akaniuliza mguu wangu unaoniuma. Alikuwa amezeeka. Bila shaka na mimi. Alinimiminia maziwa, nikanywa, na ndipo nikasema niliyokuja kusema. Nilimweleza chama, shule, pipa, binti wa ofisi, mkaguzi. Nilieleza vibaya. Nikisikia maneno yangu mwenyewe pale, mbuzi wakilia pembeni, nilisikia jinsi yalivyo mbali na yeye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mtungi mpya peke yake ningesema wamekosea. Ningengoja. Lakini uliujaza sukari."

"Sukari imefanya nini?" nikauliza.

"Na kanga juu yake. Walaal, ndugu yangu, huku kwetu anayekuacha kwa wema ndiye anayekujazia hivyo. Mama yangu aliachwa mara moja na mwanamke wa Wajir, akapewa nguo na sukari vile vile. Nilipoifungua ile kanga nililia. Nikasema, sawa, ameniaga vizuri, sina neno naye."

Hilo mama mkwe hakunifundisha. Labda hakulijua. Labda kwa watu wa upande ule tu ndiyo desturi. Nilikuwa nimetia sukari ile kwa mkono wangu nikidhani ndiyo dawa.

"Sikukuaga," nikamwambia. "Nitumie maziwa tena, kwa mtungi wako. Ule wa zamani bado ninao. Nitaurudisha na kitambaa chake, na chama waseme watakavyosema."

Alikaa akichora mchangani kwa kijiti. Nilimwona anataka. Uso wake ulitaka. Lakini akatikisa kichwa.

"Yule amenipokea nikiwa sina mtu. Hakuuliza kwa nini niliachwa. Leo nimrudishie mtungi usio wake, kwa kosa gani alilofanya?"

Ningekuwa mimi, ningesema hivyo hivyo. Mwanamke ambaye angekubali kurudi kwangu siku ile asingekuwa yule niliyefanya naye kazi miaka yote hiyo.

Shule iliendelea kununua kwa muda. Halafu binti wa ofisi akahamishwa, mkuu mwingine akaja na watu wake, na pipa likabaki nyuma ya hoteli likitumika kuwekea maji. Alhamisi tuliendelea kukutana, na yule wa Mwingi ni rafiki yangu mpaka leo. Sisemi chama kilikuwa kibaya. Nasema tulijifunza kujuana na watu wa geti na wa ofisi, na katika kujifunza huko nikampoteza mtu aliyekuwa akinijua bila kuniona. Nimefanya biashara na wengi baadaye. Nimewalipa vizuri na wao wamenilipa vizuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitumia kitu siku ya msiba.

Jioni ile alinisindikiza mpaka barabarani. Lori lilikuwa linapakia. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniombea safari njema, akasema:

"Ukifika mjini, mpelekee salamu mwenzangu wa karibu na msikiti. Mwambie ngamia wawili wamezaa, maziwa yataongezeka."

Nikamwambia nitampelekea. Asubuhi baada ya kufika, kabla sijafungua meza yangu, nilivuka soko nikampelekea.