Vibandiko vya Émerence na Unga wa Tshiala

Émerence Kabedi alikuwa na wivu, na hakujisumbua kuuficha. Wapo watu wanaoupa wivu wao majina ya heshima, mara uchungu wa kazi, mara kupenda haki. Yeye alisema waziwazi kwamba Tshiala anamuumiza roho. Alilisema hilo soko zima la Kamina likisikia, akachagua samaki wake, akaenda zake nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kupamba kumbi. Arusi, komunyo ya kwanza, matanga ya watu wazito: popote palipotakiwa vitambaa ukutani, aliitwa Émerence. Alianza na misumari kama kila mtu, akahamia kwenye skochi, ule utepe wa gundi, na kila alipobandua skochi ilitoka na rangi ya ukuta, wenye kumbi wakamfokea. Akachoka kufokewa. Marehemu baba yake alikuwa akinasa ndege porini kwa ulimbo, ule utomvu unaonata, na Émerence alikumbuka kwamba mzee alipoupika na nta ya nyuki, mikono yake ilitoka safi. Basi naye akaanza kupika. Aliunguza sufuria aliyopewa siku ya arusi yake, akaijaza nyumba moshi, majirani wakadhani amegeukia uganga. Mwishowe akaupata mchanganyiko unaong'ang'ania ukuta bila kuugandia.

Akaupaka kwenye vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na kila kipande akakiachia mkia usio na ulimbo. Ujanja wote ulikuwa kwenye ule mkia. Ukikivuta kibandiko kuelekea kwako, kitang'oa rangi. Lakini ukiuvuta mkia kwenda chini, taratibu, ukiulaza sambamba na ukuta, mpira unarefuka, unakonda, unaachia wenyewe, na ukuta unabaki kama ulivyokuwa. Kikishika vumbi unakiosha kwa maji, unakianika kivulini, kesho kinanata tena. Hakuna aliyemfundisha. Mtu mwingine angetembea kifua mbele mwaka mzima.

Lakini ndipo Tshiala akatokea. Huyu alikuwa mke wa mwanajeshi, mzaliwa wa Kasai, akikaa kule kambini Base. Alikuja na vitambaa vinavyometameta, na kicheko chepesi, na salamu kwa kila mtu. Muda si muda wanawake wa mjini wakaanza kumwita Maman Déco, mama wa mapambo. Émerence, aliyepamba arusi za nusu ya wanawake hao, hakuwahi kuitwa maman ya kitu chochote. Lililomchoma zaidi ni kusikia kwamba Tshiala naye ana vibandiko vyake, vya mpira vilevile, na vinashika.

"Yambo, yaya Émerence," Tshiala alimsalimia kila walipokutana, kwa heshima ya mdogo kwa dada mkubwa, na Émerence aliisikia ile "yaya" kama mtu anayekanyagwa kidole kwa makusudi.

Mwaka huo ukumbi wa parokia ulipakwa rangi mpya, nyeupe ya maziwa, kwa ajili ya sikukuu ya kipaimara. Mtunzaji wake, mzee Stanislas, aliulinda kama mtoto mchanga. Aliwaita wanawake wote wawili.

"Ba mama, musikie. Rangi hii bakristu balipaka na mikono yabo. Musumari hapana. Skochi hapana. Kila moya na ukuta yake. Siku ya kubandua, ule mwenye ukuta yake itabakia muzuri, njo atapamba salle hii kila feti."

Ukumbi huo ndio uliomlisha Émerence. Akiupoteza, atabaki na matanga ya vichochoroni.

Mtu mwenye akili timamu angekwenda nyumbani kuandaa vibandiko vyake na kulala. Émerence alikwenda Base, kwa kisingizio cha kumsalimia mgonjwa. Akapita nyumbani kwa Tshiala, akamkuta hayupo, na pale barazani akaona beseni la vibandiko, vyote vyeupe kwa unga wa muhogo. Akainama kuvitazama. Kumbe ni unga! Hiyo ndiyo dawa yake! Hakujiuliza unga unafanya nini pale. Wivu hauna muda wa kuuliza. Ukiona kitu mkononi mwa mwenzako, hicho ndicho kizuri, hata kama ulicho nacho wewe ni bora mara saba.

Akarudi mbio. Akachemsha ulimbo upya, akauvurugia unga wa muhogo kama anayesonga bukari, akapaka vibandiko vipya. Viliukamata mlango wa jikoni kwa nguvu ajabu. Akacheka peke yake. Kujaribu kuvibandua hakukumbuka, na ndilo kosa nililoshindwa kumsamehe.

Siku ya kupamba alifika akiwa amechelewa, Tshiala amekwisha maliza na kuondoka. Vibandiko vipya vikamwishia kabla ya kufika juu ya mlango, akatia pale kimoja cha zamani, kwa kinyongo.

Sikukuu ilifana. Watu walijaa, wakacheza, wakatoa jasho, na vitambaa vya kuta zote mbili havikutikisika. Kesho yake wakabandua. Vya Tshiala vilitoka, vikaacha vivuli hafifu alivyovifuta kwa kitambaa chenye maji. Émerence akashika mkia wa kwanza, akavuta kwenda chini, taratibu, kama alivyojua. Mpira ukarefuka. Kisha ukang'oka na bamba la rangi kubwa kama sahani. Wa pili vilevile. Ule unga ulikuwa umelowa kwa joto la watu, ukakauka, ukashikana na rangi kama uji uliogandia sufuriani.

"Mama Émerence!" Stanislas alishika kichwa. "Ukuta yetu! Unatufanyia nini?"

Émerence aliendelea kubandua, ukuta ukibaki na madoa, machozi yakimtoka kwa hasira zaidi ya aibu. Stanislas akatoa ufunguo wa ukumbi mfukoni, akampa Tshiala bila hotuba.

Tshiala alikuja taratibu, akaokota kibandiko kimoja, akakisugua kwa kidole. "Yaya, uliweka bunga ndani? Sababu ya nini?"

"Yako iko na bunga. Niliona."

"Ile ni ya kubebea tu, zisinatane mu bassin. Mbele ya kubandika ninazisukula na maji, bunga yote inatoka."

Émerence alitamani ardhi immeze. Ili asimtazame usoni, akapanda kiti, akashika kile cha juu ya mlango, akauvuta mkia. Kikaachia kimyakimya. Tshiala naye akapanda, akapitisha kiganja pale mahali, akakirudisha tena, akitafuta alama. Hapakuwa na doa, hapakuwa na kivuli, hapakuwa na cha kufuta.

"Hii haiachie hata kintu," alisema, na safari hii kicheko chake hakikuwepo. Macho yake yalikitazama kile kipande cha mpira kwa namna ambayo Émerence aliifahamu vizuri kuliko mtu yeyote Kamina. "Yaya, hii ni nani aliitengeneza?"

"Ni minyi," alisema Émerence, akijigusa kifua. "Zamani, mbele ya kuona yako."