Papa wa Mama Mkwe

Harufu ile niliisikia kabla sijamwona mama mkwe wangu. Nilikuwa nimesimama stesheni ya Tabora tangu asubuhi, maana treni kutoka Dar es Salaam ilikuwa imekwama Tura, mvua zimekula tuta la reli, na abiria wamelala humo humo mabehewani. Ilipofika, watu waliteremka wameziba pua kwa kanga na mikono ya mashati. Nyuma yao akateremka mama, hoi kwa uchovu, amekumbatia furushi la mkeka linalochuruzika maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipokee huyu papa. Amelowa kidogo njiani."

Nilimpokea. Ningefanyaje? Kwetu Unyamwezini mama mkwe hakataliwi kitu. Mke wangu ni mzaliwa wa Kilwa, na wakati huo alikuwa na mimba ya mapacha. Kuku hataki, mlenda hataki, hata dagaa wa Kigoma hataki. Anamtaka papa mkavu tu, kama wa kwao. Mama yake alisikia kwenye simu, akafunga safari. Dereva wa bajaji aliponusa furushi alisema, "Kaka, hiyo ni maiti," na nilimbembeleza sana ndipo akatubeba.

Kazi yangu ni kuchuja asali. Pua yangu imezoea nta na moshi wa mizinga. Mama alipofungua mkeka uani, nilihisi kama nimemwagiwa ndoo ya mkojo usoni. Nyama ilikuwa ya njano, imelegea pembeni, na kwenye mikunjo yake funza wanene walikuwa wakipanda na kushuka. Niliigusa ngozi, ikanikwaruza kama msasa. Mama aliwakung'uta funza taratibu, kama mtu anayepeta mchele, na kuku wakawakimbilia.

"Mama, mbona ananuka mkojo?"

"Ndivyo alivyoumbwa. Taka ambayo wanyama wengine huikojoa, yeye huihifadhi mwilini, ndiyo inayomwezesha kuishi kwenye chumvi. Akishakufa ndiyo inavunda. Tutamchemsha, tutamwaga maji, itakwisha."

Haikwisha. Jirani alichungulia ukutani akauliza kwa upole kama shimo letu la choo limefurika.

Chakula kilipotengwa, mke wangu alikula kwa pupa, macho yanamng'aa. Mimi nilichovya tonge pembeni kabisa mwa bakuli, kwenye tui tupu. Nikauliza huyu papa anakula nini huko baharini, ili mazungumzo yanisaidie kuchelewesha kula.

Mama alifurahi kuulizwa. Usichana wake wote alikuwa akipasua papa ufukweni pamoja na dada zake.

"Anakula samaki, ngisi, pweza. Wakubwa wanakula taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Unakuta miiba ya taa imemnasa kwenye taya na wala hana habari. Nyangumi akifa akaelea, wanamzunguka, wanang'ata na kujitikisa mpaka pande linyofoke. Tumboni nimetoa ndege mzima na manyoya yake, nimetoa kandambili. Na asichoweza kukisaga hukitapika. Tumbo lenyewe linatoka mdomoni, hivi, kama mfuko unaokung'utwa, halafu analimeza tena."

Alionyesha kwa mkono wake uliojaa mchuzi. Nikalificha tonge shavuni.

"Lakini asipokuwepo bahari inaharibika," akaendelea. "Yeye ndiye anayewala wagonjwa na waliokufa. Kwetu papa wamevuliwa mno, sasa taa wamezaana, wanachimbua mchanga wanamaliza chaza. Wanawake wa kwetu wanarudi na vikapu vitupu."

Angeishia hapo. Ila utamu wa maneno ulikuwa umemshika.

"Tuliwahi kumpasua mmoja mwenye mimba. Ana vizazi viwili, na kila kizazi mtoto mmoja tu, mkubwa, meno tayari. Mdomoni mwa mmoja kuna mkia wa ndugu yake. Wanakulana humo humo tumboni mpaka abaki mmoja."

Mke wangu alirudisha kipande bakulini. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo.

"Mama," alisema, "mimi wangu ni wawili."

Akatoka. Nilimsikia akitapika kwenye mpapai, nikaenda kumshika mabega, na ule mvuke wa papa uliotoka kinywani mwake ulinifanya na mimi nitapike. Tuliporudi, mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. "Ulimi wangu, jamani," alikuwa akisema. "Ulimi wangu."

Alimzika papa mwenyewe nyuma ya jiko. Mbwa wakamfukua, wakamburuta mtaa mzima, nikapita na koleo kuokota vipande huku nzi wakinitua midomoni.

Kuanzia hapo kila watoto walipocheza tumboni, mke wangu alikunja uso. "Wanapigana?" Mama aliweka kiganja, akasikiliza, kisha akamjibu, "Wanasalimiana." Aliahirisha kurudi kwao mpaka binti yake ajifungue na kupata nguvu. Walizaliwa wasichana wawili, wazima, na mama aliwageuza huku na huku akiwachunguza ngozi, kisha akalia.

Arobaini ilipokwisha, mke wangu akamwagiza shangazi yake papa mwingine. Safari hii treni haikukwama. Walimla uani, mama na binti yake, wanacheka na kulamba vidole. Mimi nilijifungia chumbani na watoto, dirisha nimelifunga na joto lote lile, nimesukumia kanga chini ya mlango, na bado ile harufu iliingia.