Ndevu za Masizi

Bibi yangu alikuwa na picha ya marehemu mume wake, na picha hiyo haikuwa ya mume wake. Mimi nililijua hilo tangu nilipopangiwa kufundisha kisomo cha watu wazima pale Kimamba, wilayani Kilosa, nikahamia kwake. Lakini nani angemwambia? Ungemwambia wewe?

Ilikuwa picha ya rangi za mafuta, kwenye fremu ya mbao iliyoliwa na mchwa upande mmoja. Babu, aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge, aliibeba kutoka nyumba ya meneja wakati wazungu wanafungasha virago, mwaka wa uhuru. Akamwambia Bibi, "Huyu ni mimi. Mke wa meneja ndiye aliyenichora." Babu alikuwa mtu wa kutania hata mawe. Kwa kuwa sebule ilivuja, picha ikatundikwa jikoni, juu ya mafiga, na miaka yote ile ya ugali na maharage ikaipaka masizi hadi mtu aliyemo akawa mweusi tii, mwenye ndevu nyingi. Babu alipofariki bila kuacha hata picha moja ya pasipoti, Bibi akaanza kuisalimia kila asubuhi.

Chuoni niliwahi kuona picha za namna ile kwenye kitabu: watu wa Italia wa zamani sana, wamevaa kola kubwa za mikunjo, wanakutazama kana kwamba umewamwagia chai. Nikamuuliza Bibi kuhusu kola ya namna hiyo kwenye picha yake.

"Ya kuzuia miba ya mkonge," akajibu bila kugeuka.

"Na glavu?"

"Miba hiyohiyo. Hivi huko chuoni mlifundishwa nini?"

Mashamba yalipotaifishwa, katibu wa kijiji akatangaza kwamba vyote vilivyotoka nyumba ya meneja ni mali ya umma, virudishwe ofisini. Watu wakarudisha viti, ndoo, na mlango mmoja. Bibi hakurudisha kitu, ikabidi Katibu aje mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Picha sitoi."

"Ikiwa ni ya mzungu, Bibi, ni mali ya umma. Ikiwa ni ya marehemu, ni yako. Mimi nataka ukweli tu. Na kwa ninavyoiona, imetoka Ulaya."

"Ulaya nina shamba la mpunga," Bibi akasema, maana kwetu Kilosa kuna kijiji kiitwacho Ulaya, mahali pa kwenda kwa baiskeli. "Sijaona anayechora."

Basi ikaitishwa baraza uani kwetu, picha ikatolewa jikoni na kutundikwa ukutani nje. Wa kwanza kusimama alikuwa fundi rangi, yule aliyechora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha, akadai kazi ile ni yake. "Tazameni macho," akasema. "Si macho yaleyale ya ng'ombe wangu?" Kusema kweli yalifanana. Katibu akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeanza kuamini.

Kisha Katibu akamwita mtani wa Babu, mzee wa hapahapa Kilosa, awe shahidi. Hilo lilikuwa kosa kubwa, na angelifanya tu mtu ambaye kwao hawana mambo ya utani. Kabila la mzee huyu na la Babu yalitaniana tangu zamani. Siku ya mazishi alijilaza kaburini akisema pale ni pake, marehemu atafutiwe kwingine. Mtani hatoi ushahidi. Kazi yake ni kumtukana marehemu, na asipomtukana ndipo amemvunjia heshima.

"Siye," mtani akasema baada ya kuikodolea picha. "Huyu ana sura. Marehemu hakuwa na sura, alikuwa na kitu kimebandikwa tu mbele ya kichwa."

"Shahidi amemkana!" Katibu akatangaza. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na maskini hakujua kwa nini.

Bibi akakasirika. Akaagiza ndoo ya maji, kitambaa na sabuni ya mche. "Namwosha uso, mumwone wenyewe."

"Bibi, acha tu," nikamsihi.

"Acha wewe."

Akaanza na paji la uso. Likatoka jeupe. "Vumbi la mkonge," akasema. Akahamia kwenye ndevu. Zikatoka zote, pamoja na masharubu, na chini yake kukawa na midomo myekundu, kidevu laini na hereni ya lulu. Mume wa bibi yangu alikuwa mwanamke wa Kizungu.

"Mimi wanawake sichori," fundi rangi akasema haraka, akarudi nyuma ya watu.

Mtani alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, sikuweza kujizuia, hadi nilipomtazama Bibi. Kitambaa kilikuwa bado mkononi, na machozi yanamtiririka.

"Sasa nitamwona wapi?" akauliza. "Sura yake imenitoka. Nikifumba macho sioni kitu. Nilikuwa na hii tu."

Iliniuma sana. Katibu akainama akatazama viatu vyake.

Mtani akajifuta macho, akasogea karibu. "Shemeji, unalilia sura ile? Masikio yale, moja likisikiliza Tabora, jingine Dar es Salaam?"

Bibi akajifuta pua kwa upindo wa khanga.

"Na jicho la kushoto lililochelewa kufunguka asubuhi?"

"La kulia," Bibi akasema.

"Haya, la kulia. Na pengo la mbele! Akicheka, kuku wanadhani banda limefunguliwa."

Bibi akatoa kicheko cha kukoroma ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Na kovu," akasema, akigusa nyusi yake. "Hapa."

"Hilo ndilo lilikuwa pambo lake pekee."

Katibu akaitungua picha taratibu, akaikumbatia, akaondoka nayo. Bibi hakumtazama. Alikuwa amefumba macho.

"Mtukane tena, shemeji," akasema. "Anakuja."