Klachi Aliyolipa Kioko

Mwanangu, usicheke. Niko Form Four na ndevu zangu ni tatu tu, lakini wewe uliyeripoti Form One juzi unahitaji mzee wa kukushauri, na leo mzee ni mimi.

Kuna Jumamosi moja hainitoki kichwani. Nilikuwa Form Two, Kitengela. Mama alifundisha Kakamega, Baba alishughulikia karatasi za malori mpakani Namanga na kurudi wikendi. Siku zingine zote nyumba ilikuwa ya mimi na Kioko, dereva wa pikapu yetu. Tulipika githeri pamoja, tukibishana nani amezidisha chumvi.

Wiki hiyo Kioko alienda mazishi kwao Machakos, nami nikachukua funguo. Siku tatu niliendesha pikapu kwenye tope jeusi nyuma ya ploti, mguu wa kushoto umestarehe juu ya klachi. Nilinusa kitu kikiungua. Nikadhani jirani anachoma takataka.

Jumamosi Kioko alirudi, tukaenda na Baba kubeba nyasi Kajiado. Mwinuko wa kwanza tu, injini ikanguruma, gari likakataa kupanda. Tukalisukuma hadi kwa fundi. Alipofungua, klachi ilikuwa nyeusi, imelika kama sabuni ya bweni.

"Huyu mtu anakanyagia klachi kama ni stuli," akasema.

Baba alikuwa na sheria yake. "Injini ni yangu, klachi ni ya dereva. Kioko, hii utalipa."

Kioko akaniangalia viatu. Tope lilikuwa limekaukia hadi kwenye kamba. Alingoja tu niseme mimi.

Nami nikaleta utani: "Si Kioko ako na mguu wa ndovu!"

Fundi akacheka. Baba akacheka.

"Sawa mzee, nitalipa," Kioko akasema.

Ulienda mshahara wake wa mwezi mzima. Kisha akapata kazi ya lori huko Mashuuru, akaondoka nikiwa shule. Mwaka jana ndio nilimwambia Baba ukweli. Akanipa kadi ya simu, nimpigie Kioko. Nambari yake haipatikani mpaka leo. Githeri bado napika. Chumvi ikizidi, hakuna wa kulaumu.

Kwa hivyo, mwanangu, ukishabadilisha gia, toa mguu kwenye klachi, uuweke chini. Na wakiuliza nani ameiunguza, sema "ni mimi" kabla utani haujakufika mdomoni. Mungu akupe gari zuri siku moja. Kabla ya gari, akupe mtu wa kubishana naye juu ya chumvi.